Macho ya Lea

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii tusome Mwanzo 29:16–35, na safari hii tusimkimbilie Raheli, mdogo wake Lea, kama tulivyozoea.

Kuhusu sura ya Lea tunaambiwa neno moja tu, kwamba macho yake yalikuwa dhaifu. Papo hapo linafuata: lakini Raheli alikuwa mzuri wa umbo na uso. Nadhani hiyo “lakini” ilimtesa Lea kuliko macho yenyewe. Hata baba yake mzazi aliona bora amwoze gizani, kwa Yakobo aliyemtaka Raheli.

Nimemkumbuka kwa sababu ya habari za upasuaji wa urembo zilizotujaa masikioni: kupunguza tumbo, kuinua matiti, kuongeza makalio. Zamani ilikuwa safari ya India au Uturuki, siri ya mtu na shoga yake. Sasa hata hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, huduma zipo, na watu huulizana bei bila kunong'ona. Duniani kote, kwa mwaka 2023, ilikadiriwa kwamba watu walifanyiwa mambo haya karibu mara milioni 35, sindano za usoni zikiwemo.

Kisu chenyewe sina ugomvi nacho. Usiku aliokamatwa, Bwana aliliponya sikio la Malko lililokatwa kwa upanga. Ufundi huu nao ulikomaa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, daktari Harold Gillies alipokuwa akizijenga upya nyuso za askari kule Uingereza. Aliyeungua moto, mtoto mwenye mdomo sungura, hao tuwachangie nauli waende. Lakini anayetaka kuongezewa makalio kwa mafuta yake mwenyewe ajue jambo moja kabla hajalipa: mafuta yakipenya kwenye mishipa mikubwa ya damu hukimbilia mapafuni, na mtu anaweza kufa palepale mezani. Mwaka 2017 madaktari bingwa walikadiria kifo 1 katika kila watu 3,000 hivi.

Turudi kwa Lea. Anamzaa Reubeni, anasema: sasa mume wangu atanipenda. Anamzaa Simeoni, maana bado anachukiwa. Anamzaa Lawi: sasa mume wangu ataungana nami. Sasa, sasa, sasa. Nimewahi kuisikia “sasa” hiyo kwa dada mmoja aliyeanza na mkorogo, akaenda kwenye dawa za kuongeza shepu, na kila hatua ilikuwa ya mwisho. Hakuwa na majivuno hata kidogo. Alikuwa amechoka kulinganishwa.

Na walinganishaji ni sisi. Ibada ikiisha tu, pale mlangoni: “Mbona umekwisha hivyo?” “Shemeji umefumuka, kaka anakulisha nini?” Tunacheka, tunashikana mikono, tunaenda kula. Mwenzetu anaenda nyumbani na kioo. Jumapili inayofuata tunakemea urembo wa kidunia kwa sauti ileile. Mimi mwenyewe nimeyasema hayo, tena kwa mama aliyekuwa akiumwa.

Mstari wa 31 unasema BWANA aliona kwamba Lea hakupendwa. Aliona, wala hakumgusa macho. Kwa mtoto wa nne Lea hakumtaja mume kabisa. Mara hii nitamsifu BWANA, akasema, akamwita Yuda, na katika ukoo huo akazaliwa Mwokozi.

Laiti hadithi ingeishia hapo, mahubiri yangekuwa rahisi. Sura ya 30 inatuonyesha Lea yuleyule, ana wana sita sasa, anarudi kuhesabu: mume wangu atakaa nami. Alishasifu, na bado kidonda kilikuwa kibichi. Hata hivyo Mungu hakumdai amrudishe Yuda.

Miaka mingi baadaye Yakobo, mzee, anakufa Misri. Raheli alizikwa njiani kuelekea Efrathi. Mzee anawaagiza wanawe wampeleke Makpela, kwenye pango walimolala Ibrahimu na Sara, Isaka na Rebeka, kisha anaongeza: na huko nikamzika Lea.