Mstari mahali pa jina

Leo mchana shangazi ametufungulia sanduku la marehemu nyanya. Chini ya kanga kulikuwa na cheti cha ubatizo cha babu mzaa babu.

Tulijua tu kwamba alilelewa Frere Town, hapo Kengeleni, Mombasa, kijiji kilichoanzishwa na wamisheni 1875 kwa watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Kabla ya hapo, hakuna aliyejua kitu.

Kabila: Myao.

Jina la baba: mstari tu.

Nimeweka kidole kwenye mstari ule nikashindwa kukiondoa. Alikuwa na baba, jamani! Na alikuwa na jina lake kabla ya hili la Kizungu.

Wayao wako Malawi, Msumbiji na Tunduru, kusini mwa Tanzania.

Ndugu zangu wenye wazee wa Frere Town, nyinyi mlianzia wapi kutafuta? Niandikieni hapa.