Sahihi mbili kwenye karatasi moja

Juzi usiku binti yangu kaniletea karatasi ya shule nikiwa nakula. Fomu ya ridhaa ya mzazi, chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi. Kalamu kaja nayo mwenyewe, kifuniko keshakitoa.

"Baba, saini hapa chini."

"Inasemaje?"

"Sijui. Mwalimu kasema msaini tu."

Kidole chake kilikuwa juu ya zile nukta nukta. Tonge likanigoma mkononi. Nukta kama zile nilishawahi kuonyeshwa, ila kidole cha siku ile kilikuwa ndani ya glavu.

Ilikuwa 2011, mwezi wa saba. Mnaomjua Mama mnaijua habari ya magoti yake, na mnajua hakuwa mtu wa kwenda kumwona daktari kwa ajili ya magoti. Alikuwa ananunua vidonge vya maumivu duka la dawa, anameza viwili alfajiri kabla hata ya chai, mwaka mzima na ushee. Vikamla tumbo kimya kimya. Choo kikawa cheusi kama lami, yeye akasingizia mchicha. Siku alipoanguka jikoni ndipo tukamkimbiza kituo cha afya, na kutoka pale kwa gari ya kukodi mpaka hospitali kubwa. Jina lake nitaliacha, maana mle mle alimokosewa ndimo alimopona. Kipimo cha wingi wa damu kikasoma 4.9. Mtu mzima wa kike anatakiwa acheze kwenye 12.

Hapo mambo yakaenda mbio. Dripu, jalada, "ndugu wa mgonjwa yuko wapi?", sampuli nikaipeleka maabara kwa mkono wangu. Nikaambiwa nitafute watu wawili wa kuchangia; mimi nikawa wa kwanza, mjomba wa pili. Walinitoboa kidole, tone likadondoshwa kwenye maji ya bluu, likazama. Lingeelea ningeambiwa nikale maharage nirudi siku nyingine. Nikalala, nikafinya mpira, nikatoka na soda mkononi nikijiona shujaa.

Katikati ya mbio hizo nikasaini. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, ukurasa mzima, maandishi madogo kama mchwa. Muuguzi kijana akaweka kidole penye nukta. "Hapa, kaka." Nikaandika jina, nikachora sahihi yangu ya benki, nikarudisha. Ilichukua muda wa kupiga chafya. Mama alikuwa kitandani, hatua nne kutoka pale, macho kafumba.

Saa tatu usiku damu ikaja. Yule muuguzi aliingia kaishika kwa mikono miwili, mfuko mweusi mweusi wenye lebo, akaunyanyua kwenda kuutundika. Mama akafumbua macho.

"Hicho nini, mwanangu?"

"Damu, mama. Tunakuongezea."

"Nani kasema?"

Muuguzi akanitazama. Mimi nikatazama mlango. Nyuma ya ule mlango, nakumbuka vizuri, palibandikwa tangazo la haki za mgonjwa, na kwa kuwa mlango ulikuwa wazi mchana kutwa, lilisomwa na ukuta.

"Mwanao ameshasaini, mama."

"Ngoja kwanza." Sauti ilikuwa ndogo, kila maneno mawili anavuta pumzi. Lakini mkono ulitoka ndani ya shuka ukamshika yule muuguzi kiganja, na hakumwachia.

"Mama, damu hii ikishatoka kwenye friji tuna nusu saa tu ya kuianza. Tusipoianza inarudishwa."

"Basi tuulizane haraka."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikaanza "Mama, jamani, usiwasumbue watu wa watu," akanikata kwa jicho moja. Ndipo akaingia sista wa zamu, mtu mzima, miwani imening'inia kifuani. Alisikiliza nusu dakika tu. Akavuta stuli, akakaa, mpaka uso wake na wa Mama ukawa usawa mmoja.

"Shikamoo, mama. Niulize mimi."

"Marahaba. Ni ya huyu?" Akaninyooshea kidevu.

"Hapana. Ya huyu bado haijapimwa. Hii ni ya mtu mwingine. Wewe humjui, yeye hakujui."

"Ina nini ndani?"

"Imepimwa Ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende. Haina. Lakini nisikudanganye, hata damu safi mwili unaweza kuigomea. Unaweza kupata homa, baridi ya kutetemeka, kuwashwa. Mgongo ukianza kuuma au kifua kubana, usivumilie, piga kelele. Robo saa ya kwanza nitakaa hapa hapa."

"Nikikataa?"

Sista hakuharakisha. "Ukikataa tutaendelea na dripu na dawa za tumbo, na hakuna atakayekufukuza. Ila damu bado inavuja ndani, na moyo wako unakimbia kwa sababu ya uchache wake. Huenda usifike asubuhi. Sikutishi, mama. Umeniuliza."

Yule muuguzi kijana alikuwa anatazama saa yake. Mimi nilikuwa natazama mfuko. Mama alitazama dari kwa muda ambao mpaka leo sijui ulikuwa dakika ngapi. Nikiukumbuka huwa mrefu, kila mwaka unaongezeka.

"Haya," akasema. "Mungu amlipe mwenye nayo. Leteni hiyo karatasi."

Wakaileta juu ya jalada. Akaiweka karibu na pua, maana miwani yake ilibaki nyumbani.

"Hii ya nani?"

"Yangu, Mama."

"Umeandika umekubali nini?"

Nikajikuta sina la kumjibu zaidi ya "uongezewe damu". Sikuwa nimesoma hata mstari mmoja.

"Nilikuwa nimelala, baba. Sikuwa nimekufa."

Akaomba kalamu. Kama hamjui, Mama alijifunza kuandika 1970, mwaka ule wa elimu ya watu wazima, chini ya mwembe na mtoto mgongoni. Hakwenda kisomo kwa mapenzi ya vitabu. Babu alikuwa ametia dole gumba kwenye karatasi asiyoijua, na nusu ya shamba ikahama. Tangu hapo nyumbani kwetu ilikuwa mwiko kutia alama kwenye kitu usichosoma, na mwiko huo mimi, msomi wa chuo, niliuvunja nikiwa na soda mkononi.

Aliandika jina lake chini ya sahihi yangu. Herufi moja, anapumzika. Herufi nyingine, anapumzika. Mkono mmoja una dripu, kwa hiyo sista alimshikia karatasi isiteleze. Jina la kwanza lilipanda mlima, la pili likashuka. Alipomaliza akapigia mstari chini, kama walivyofundishwa.

Kisha wakamuuliza jina lake, yeye na siyo mimi, akayataja yote matatu. Muuguzi akasoma lebo, sista akasoma jalada, wakabadilishana, wakasoma tena. Damu ikaanza kushuka kwenye mrija, tone, tone. Zilibaki dakika chache katika ile nusu saa. Sista akakaa robo saa yake yote, wakiongea habari za bei ya mahindi.

Mengine ni mafupi. Mfuko ulikwisha ndani ya muda wa masaa manne, wa pili ukaja kesho yake, wakamwingiza mpira wenye kamera, kidonda kikaonekana, dawa za magoti zikapigwa marufuku. Akaishi miaka tisa zaidi, akilalamika magoti.

Watu nikiwasimulia kisa hiki hucheka, wanasema bibi alikuwa moto. Nami hucheka nao. Kuna kipande sikisimulii. Mama alipokuwa anatazama dari, nilikuwa nimeshapanga moyoni: akikataa, namvuta sista pembeni, namwomba wasubiri apitiwe na usingizi. Karatasi si ninayo? Sahihi si ipo? Nilimpenda kiasi hicho. Nadhani alikiona usoni kwangu, ndiyo maana akaitaka karatasi mkononi mwake badala ya kusema "haya" tu akaishia hapo.

Basi juzi nikamwambia binti aketi anisomee fomu yake kwa sauti. Alisoma vizuri mpaka kwenye "athari zinazoweza kutokea", akasimama. Nikamweleza: mkono kuuma, pengine homa kidogo, kuna wanaosikia kizunguzungu. Nikamweleza pia saratani yenyewe inavyokuwa, na kwamba mimi naitaka hii chanjo, naitaka sana.

Akafikiri. Ana kidevu cha bibi yake.

"Kwa hiyo nikisema sitaki, hutasaini?"

Nilikuwa na wali mdomoni. Nikautafuna muda mrefu kuliko wali unavyohitaji. Fomu iko juu ya friji, mwalimu anaitaka Ijumaa.