Siku Boxer ya Marehemu Ilipozima Mbagathi

Mwenyekiti wa steji yetu aliniambia nibaki.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi, Oktoba 2023, pale Kawangware kando ya Barabara ya Naivasha. Pikipiki zaidi ya 40 zilikuwa zimejipanga kwenda kumtoa mwenzetu mochari ya City. Karibu zote Boxer, na TVS mbili tatu. Kila mmoja alikuwa amefunga kitambaa cheupe kwenye kioo, na mimi nilikuwa nimefunga changu. Mwenyekiti akapita akikagua. Alipofika kwangu akaitazama pikipiki yangu ya umeme kuanzia taa ya mbele hadi tairi la nyuma, kisha akasema polepole, bila ubaya wowote:

"Kijana, wewe shika steji. Hiyo kitu yako itamlilia vipi marehemu?"

Asiyetujua anaweza kudhani alikuwa akinidharau. Sisi watu wa boda tunalia kwa injini. Mwenzetu akifa tunamsindikiza tukivuta mafuta hadi mwisho, honi hazikatiki, na wale wenye mkono mwepesi huzima swichi na kuiwasha tena wakiwa mwendoni hadi ekzosi inalipuka kama bunduki. Watu wa magari hukasirika, lakini hiyo ndiyo matanga yetu. Na pikipiki yangu haikuwa na sauti ya kutoa. Ukiipa moto sana ilitoa mlio mwembamba, na ndiyo maana kwa miezi mitano steji nzima ilikuwa ikiiita Blenda.

Neno la mwenyekiti liliniuma kwa sababu marehemu ndiye aliyenifundisha kuendesha, mwaka 2016, kwenye Boxer ile ile aliyokuwa nayo hadi kufa kwake. Tulikuwa tukienda uwanjani asubuhi mapema, yeye amekaa nyuma ameshika mabega yangu. "Usiangalie gia," alikuwa akiniambia. "Sikiliza. Itakuambia yenyewe inataka nini." Nilijifunza kubadilisha gia kwa sikio. Nikanunua Boxer yangu mwenyewe, ya 150, nikakaa nayo miaka sita. Ilinilipia kodi ya nyumba na karo ya mdogo wangu. Ikiharibika usiku wa manane Kangemi au Uthiru, hukosi fundi, na fundi hakosi spea. Mtu akisema anaipenda Boxer simcheki hata leo. Ni chuma iliyotengenezwa na Bajaj kule India, lakini mapenzi yake yamekua hapa, kwenye barabara zetu na matope yetu.

Niliiuza kwa sababu ya hesabu. Nilikuwa natia petroli ya shilingi 600 kila siku, na jioni nikirudi nyumbani naona nimemfanyia kazi mwenye sheli. Nikachukua ya umeme kwa mkopo, ile ya kubadilisha betri kituoni, na gharama ya siku ikashuka karibu nusu. Nilidhani wenzangu wangekuja mmoja mmoja kuniuliza. Wapi! Hata Julai, VAT ya mafuta ilipopanda kutoka asilimia 8 hadi 16, hakuuliza mtu. Katikati ya Septemba lita ya petroli hapa Nairobi ikafika shilingi 211.64, wakalalamika wiki nzima, na bado hakuna aliyenigeukia. Siku moja nilimwonyesha mwenyekiti kwenye simu kwamba Bajaj wenyewe, mwaka 2019, walionyesha skuta ya umeme wakaipa jina la Chetak, skuta yao ya miaka ya sabini. Aliitazama picha kwa makini akanirudishia simu. "Hiyo ni Bajaj, sawa," akasema. "Lakini si Boxer."

Baadaye nilisoma kwamba jambo hili si letu peke yetu. Huko Marekani Harley-Davidson waliomba, mwaka 1994, mlio wa injini yao usajiliwe kuwa alama ya biashara, wakahangaika nao hadi 2000 walipoachana na ombi hilo. Kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyoanza kuuza LiveWire ya umeme mwaka 2019. Nikiwafikiria wale wazee wa Harley, waliozoea injini inayotikisa kifua, wamesimama mbele ya pikipiki isiyonguruma, namwona mwenyekiti wetu kabisa. Mtu aliyeisikiliza injini miaka ishirini ukimwondolea sauti unamwondolea kitu anachokijua kuliko kinywa chake.

Basi sikubaki. Nilingoja msafara uondoke, nikaufuata nyuma kabisa.

Mbele ya wote, mara tu baada ya gari la maiti, palikuwa pametengwa nafasi ya Boxer ya marehemu. Mwenyekiti ndiye aliyeiendesha, na reflekta ya marehemu, ile jaketi yake ya kazi, ilikuwa imefungwa kwenye kiti cha nyuma, mahali pa abiria. Tulitoka mochari tukaingia Barabara ya Mbagathi, na kelele ilikuwa ya kupasua masikio. Nilikuwa mkiani, naona moshi na migongo ya watu. Sikuwa na cha kutoa ila honi, nikawa napiga hiyo.

Mita mia kadhaa kabla ya T-Mall msafara ukasimama. Nikadhani ni jamu. Kisha nikasikia injini za mbele zikipungua moja moja, nikajipenyeza kando hadi nikaona. Boxer ya marehemu ilikuwa imezima.

Ilikuwa imekaa wiki tatu bila kuwashwa. Mwenyekiti alikuwa ameipiga kiki hadi shati limemganda mgongoni. Akachomoa plagi, akaishika kwenye mwanga: nyeusi, imelowa petroli. Akaifuta kwa ncha ya ile kitambaa nyeupe, akaipuliza, akairudisha. Akapiga kiki tena. Ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Mtu akasema kabureta imejaa uchafu. Mwingine akasema ipakiwe kwenye pikapu. Mwenyekiti akakataa, hata hakumwangalia aliyesema. Dadake marehemu alikuwa akitutazama kupitia kioo cha nyuma cha gari la maiti, na gari lile lilikuwa limewasha indiketa likingoja.

Vijana wawili walijaribu kuisukuma kwa mguu kwa Boxer zao, lakini kwa mwendo ule wa mazishi, taratibu vile, klachi zilianza kunuka na pikipiki zinarukaruka.

Sikuomba ruhusa. Nilisogea upande wake wa kushoto, mbali na ekzosi, nikakaza mguu wangu wa kulia kwenye kikanyagio cha abiria, chini kidogo ya ile reflekta. "Mzee, weka nyutro," nikamwambia. Aligeuza shingo akaniona ni mimi. Akaweka nyutro.

Nikavuta moto kidogo kidogo. Haina klachi wala gia, inasukuma tu, kama maji. Boxer ikaanza kutembea imenyooka, bila kuruka. Tukakunja kulia pale T-Mall tukaingia Barabara ya Lang'ata. Mbele yetu gari la maiti, nyuma yetu ngurumo ya watu 40, na katikati sisi wawili kimya. Nilikuwa nasikia cheni ya Boxer ikizunguka, kle-kle-kle, na reflekta ikipigapiga kwenye goti langu kwa upepo. Nilimkumbuka marehemu akiwa nyuma yangu pale uwanjani, na machozi yakaja, sikuweza kuyafuta kwa sababu mikono yote ilikuwa kazini. Mwenyekiti hakugeuka. Alishika usukani wima, mgongo umenyooka, hivyo hivyo hadi tukaipita Wilson, tukaipita Carnivore, tukafika makaburini. Mguu wangu ulikuwa umekufa ganzi hadi pajani.

Tulimzika. Ile Boxer ilipakiwa kwenye pikapu irudishwe kwa familia.

Wakati wa kuondoka, mwenyekiti alikuwa hana pikipiki. Vijana kama kumi hivi walimwita, "Mzee, panda hapa." Akawapita wote akaja niliposimama, akainama akatazama kioo changu cha namba.

"Imebaki ngapi hiyo?"

"Asilimia 14, Mzee. Kawangware haitufikishi. Itabidi tubadilishe betri Ngong Road."

Akapanda. Njiani hakusema neno. Kituoni nilifungua kiti, nikashika mpini wa betri nikitaka kuivuta, akaniwekea mkono begani. "Mguu wako bado," akasema. Akaivuta mwenyewe kwa mikono miwili, akaipima uzito kidogo, akaibeba hadi kwenye kabati la kuchaji, kisha akasimama pale kando ya yule kijana wa kituo akimuuliza ni mlango upi unaotoa ile iliyojaa.