Barabara ya Mwalimu Septima

Mara ya kwanza kulisoma jina la Septima P. Clark sikujua kama ni jina la mtu. Lilikuwa kwenye kibao cha barabarani mjini Charleston, katika jimbo la South Carolina nchini Marekani, nami nilikuwa nimekaa kiti cha abiria nikimsaidia mwenyeji wangu kutazama njia, kwa kuwa mvua ilikuwa imenyesha asubuhi nzima, bahari ilikuwa imejaa, na maji yalikuwa yamefika nusu ya magurudumu ya gari lililokuwa mbele yetu. Mwenyeji wangu alisema, kwa sauti ya mtu aliyekwishazoea, kwamba Crosstown imefurika tena. Nilipomwuliza mbona kibao kinataja jina jingine, alinijibu kwamba hilo ndilo jina rasmi, ila wenyeji wote huiita Crosstown, na kwamba kuhusu huyo Septima alichojua yeye ni kuwa zamani alikuwa mwalimu.

Jibu hilo lilinikaa moyoni. Nimetoka katika nchi ambayo neno "Mwalimu", likitamkwa peke yake, humtaja mtu mmoja tu, na kila mtu humjua. Hapa palikuwa na mwalimu aliyepewa barabara nzima ya njia sita, na hata mtu anayeipita kila siku kwenda kazini hakuwa na la kusema juu yake zaidi ya sentensi moja. Jioni ile nilianza kusoma habari zake, na sijaacha.

Septima Poinsette alizaliwa Charleston tarehe 3 Mei 1898. Baba yake, Peter, alizaliwa utumwani. Mama yake, Victoria, alikulia Haiti na hakuwa mtu wa kukubali kudharauliwa. Mwaka 1916 Septima alimaliza masomo katika Avery, shule iliyowaandaa vijana weusi kuwa walimu, lakini shule za serikali za Charleston hazikuwa zikiajiri mwalimu mweusi hata kwa ajili ya watoto weusi. Ikambidi, akiwa na miaka 18, apande mashua kwenda kisiwa cha Johns Island, safari ya saa nyingi kwenye vijito vya maji ya chumvi, akafundishe huko. Walikuwa walimu wawili kwa wanafunzi 132. Shule ya wazungu iliyokuwa karibu ilikuwa na wanafunzi watatu, na mwalimu wao alipokea dola 85 wakati Septima alipokea 35. Nimewahi kukaa katika darasa la watoto zaidi ya 90, kwa hiyo hesabu ya 132 kwa walimu wawili hainishangazi sana. Kinachonishangaza ni ile ya watatu, na kwamba mtu mzima aliweza kupita kila siku kati ya majengo hayo mawili bila kuona jambo la kuuliza.

Septima aliuliza. Mwaka 1919, akiwa amerudi Charleston kufundisha Avery, alijiunga na NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, akapita nyumba kwa nyumba kukusanya sahihi za wazazi waliotaka walimu weusi waajiriwe katika shule za watoto wao. Sahihi zilizopatikana zilikuwa kama 10,000, na mwaka 1920 walimu weusi wakaruhusiwa. Baadaye, akiwa mwalimu katika mji wa Columbia, alishiriki katika kesi ya kudai mishahara sawa kwa walimu weusi na weupe, ambayo wakili wake alikuwa Thurgood Marshall, na mwaka 1945 wakashinda.

Mtu angeweza kuishia hapo, na barabara ingekuwa imemstahili. Lakini sehemu ya maisha yake ninayoirudia mara kwa mara ni ile ambayo hakushinda. Mwaka 1956 jimbo la South Carolina lilipitisha sheria ya kuwakataza watumishi wa umma kuwa wanachama wa NAACP. Septima aliwaandikia barua walimu weusi 726 akiwasihi waipinge sheria hiyo pamoja naye. Waliojibu walikuwa 26. Kati yao 11 walikubali kwenda kuonana na mkuu wa elimu, na siku ya kwenda wakatokea watano. Aliachishwa kazi akiwa na miaka 58, baada ya miaka 40 ya kufundisha, na pensheni yake ikapotea. Wanawake wasomi wa umoja aliokuwa mwanachama wake walimfanyia tafrija ya kumfariji, lakini hawakuthubutu kusimama naye kwenye picha, kwa kuwa picha ile ingeweza kuwagharimu ajira zao.

Sitaki kuwahukumu wanawake wale. Yeye mwenyewe hakuwahukumu. Alisema kosa lilikuwa lake, kwa kuwa aliwasukuma watu kwenye jambo ambalo hawakuwa wameandaliwa kulifanya, na tangu hapo aliona kwamba mtu hudai haki yake akiwa kwanza amefundishwa na kuelewa kwa nini ni yake. Kwa maoni yangu barua zile 726 zilimpa somo kubwa kuliko chuo chochote alichosoma, na shule zilizomfanya akumbukwe zilijengwa juu ya somo hilo.

Shule ya kwanza ilianza Januari 1957 kulekule Johns Island. Wakati huo mtu mweusi aliyetaka kujiandikisha kupiga kura alitakiwa kusoma kifungu cha katiba ya jimbo mbele ya karani. Esau Jenkins, mwenye basi lililowapeleka watu wa kisiwani kazini mjini, alikuwa akiwafundisha abiria wake kifungu hicho njiani, na mama mmoja, Alice Wine, alikikariri chote kwa kukisikiliza tu, akaandikishwa, kisha akasema kwamba sasa anataka kujifunza kusoma kweli. Septima, ambaye wakati huo alikuwa akifanya kazi Highlander, kituo cha mafunzo huko Tennessee, alisaidia kupata mkopo wa dola 1,500 wa kununua jengo chakavu. Chumba cha mbele kikawa duka, na cha nyuma kikawa darasa, ili wazungu wanaopita waone watu wanaingia kununua sukari na chumvi.

Hawakumtafuta mwalimu mwenye cheti. Walimchagua Bernice Robinson, binamu yake Septima, aliyekuwa msusi na mshonaji, na sababu zilikuwa za busara: msusi mweusi alihudumia wateja weusi, kwa hiyo hakuna mzungu aliyeweza kumfukuza kazi, na tena mtu aliyezoea kuwasikiliza wateja wake siku nzima hangemdharau mzee asiyejua kushika kalamu. Wanafunzi walikuwa 14. Usiku wa kwanza Bernice aliwaambia kwamba hakuja kuwa mwalimu wao bali watajifunza pamoja, kisha akawauliza wanataka kujua nini. Vitabu vya watoto alivyokuwa amebeba aliviweka kando. Wao walitaka kuandika majina yao, kujaza fomu za kununua vitu kwa posta, kusoma Biblia na kukisoma kile kifungu cha katiba, na masomo yakaanzia hapo.

Ninapoisoma habari hiyo humwona bibi yangu mzaa mama. Alijifunza kusoma katika madarasa ya kisomo cha watu wazima miaka ya 1970, na hadi uzeeni alikuwa akiandika jina lake polepole, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo, herufi ya mwisho ikipanda juu ya mstari. Siku moja alipokwenda kupokea malipo ya korosho, karani alimsogezea kidau cha wino ili aweke dole gumba bila hata kumwuliza. Bibi alikisukuma kidau, akaomba kalamu, na foleni yote ikasubiri mpaka amalize. Bernice na Septima walifundisha jambo hilohilo kwa kuandika jina la mwanafunzi na kumwacha alipitie kwa kalamu mara nyingi, mpaka mkono ulizoee wenyewe.

Kutoka chumba kile shule zilienea, zikaitwa Shule za Uraia. Mwaka 1961 zilihamia chini ya shirika la Martin Luther King, SCLC, na Septima akawa anawaandaa walimu wa kutoka majimbo yote ya kusini, watu kama wakulima na washonaji, ambao walirudi kwao kufundisha jikoni, makanisani na chini ya miti. Hata humo alikutana na dharau: wanaume wa uongozini waliuliza huyu mama anafanya nini kwenye kamati kuu, na alipomwandikia King akimshauri asiongoze kila maandamano mwenyewe bali awaandae wengine, barua yake ilisomwa mbele ya watumishi wakacheka. Pensheni yake ilirudishwa mwaka 1976, na katika miaka hiyohiyo alichaguliwa kuingia katika bodi ya shule za Charleston, ile ile mamlaka ya elimu iliyokuwa imemwachisha kazi. Alifariki tarehe 15 Desemba 1987.

Sasa nirudi kwenye barabara yake. Crosstown ilijengwa miaka ya 1960 ikikata rasi ya Charleston katikati, kutoka upande wa Mto Ashley hadi upande wa Mto Cooper, na ili ipite zilibomolewa nyumba katika mitaa ya watu weusi, watu ambao Septima aliwafundisha, na pengine aliwahi kubisha hodi milangoni mwao akiomba sahihi. Kumpa mwalimu wa aina yake barabara hiyo kulinikera nilipofahamu. Jina la mwalimu nililitarajia mahali ambapo mtoto anaweza kusimama, kuinua macho na kuuliza, "Huyu ni nani?" Kwenye njia sita za magari hakuna anayesimama, isipokuwa maji yakijaa. Waliobadilisha sehemu ya jina lake kutoka Expressway (barabara ya mwendo kasi) kuwa Parkway (barabara ya bustani) huenda walitaka lisikike kwa upole zaidi, lakini magari ni yaleyale.

Hata hivyo sijafika mahali pa kusema liondolewe. Jina likiondolewa pale, abiria mwingine kama mimi hatakuwa na la kumwuliza mwenyeji wake. Ningependa tu liongezwe mahali pengine, kwenye njia nyembamba ya kisiwani, karibu na pale palipokuwa duka.

Siku ya mwisho ya safari yangu mvua ilikuwa imekatika, nikamwomba mwenyeji wangu anipeleke Johns Island. Tuliingia Crosstown, tukavuka Mto Ashley, tukaendelea kati ya mialoni yenye mimea mirefu inayoning'inia matawini kama ndevu. Njiani nilimhadithia habari za mashua, na za wanafunzi 132, na za kidau cha wino cha bibi. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza duka lenyewe lilikuwa wapi, na akapunguza mwendo.