Mbwa Wako Akituhumiwa Kung'ata Mtu

Kabla ya kubishana nani mwenye makosa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha majeruhi aende hospitali siku hiyohiyo. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa.

Mfungie mbwa, mwite daktari wa mifugo, toa kadi ya chanjo. Mbwa huangaliwa siku 10. Akibaki mzima, mate yake hayakuwa na virusi siku ya tukio. Ukimuua au kumficha (wengi hukimbilia hapo!) umeharibu ushahidi wako mwenyewe.

Usikiri, usikane. Andika saa, mahali, mashahidi, na kama mbwa alikuwa amefungwa. Ukilipia matibabu kwa utu, andikishaneni kwamba si kukiri kosa.