Kumbukumbu ya mradi: King James na Union Version mezani pamoja, maneno ya Kiingereza yanayodanganya

Wakuu, mrejesho wa ule mradi wangu wa Kiingereza cha zamani. Kwa ambao ndo wanaingia sasa, nasoma Biblia ya King James ya 1611 huku pembeni nimefungua ya Kiswahili, ile Union Version ya 1952 ambayo wengi tumekulia nayo, na kila nikikuta neno la Kiingereza ambalo leo limehama maana naliandika kwenye daftari. Safu ya kwanza neno, ya pili mstari, ya tatu Kiswahili kimesemaje, ya nne mtu wa leo akilisikia anaelewa nini. Usiku nahamishia kwenye ekseli ili baadae niweze kutafuta haraka, maana daftari likishajaa ni tabu kupekua.

Kinachonifanya niendelee ni hiki: maneno magumu hayana shida kabisa. Ukikutana na "besom" unajua fika kwamba hulijui, unafungua kamusi, unakuta ni ufagio, yameisha. Hatari iko kwenye maneno ambayo unayajua, unapita juu yake kwa raha zako na maana unayoondoka nayo siyo iliyoandikwa. Na hao wenye lugha yao wanapita vilevile. Sisi wenye Kiswahili pembeni tuna bahati, kwasababu Kiswahili cha ile mistari kimesema wazi na pale pale unaona kuna kitu hakikai sawa kati ya vitabu viwili.

Mstari ulionikalisha muda mrefu kuliko yote mpaka sasa ni Marko 6:25. Binti wa Herodia kashacheza, Herode kashaapa mbele ya wageni, binti katoka kumuuliza mama yake, karudi mbio, anasema "I will that thou give me by and by in a charger the head of John the Baptist." Mpe mtu wa leo asome. "I will" ataona ni wakati ujao, "by and by" ataona ni baadae baadae huko, na "charger" ataona ni chaja ya simu au farasi wa vita. Sasa fungua Kiswahili: nataka unipe sasa hivi katika kombe kichwa cha Yohana Mbatizaji. Mitego mitatu kwenye sentensi moja na yote imeteguliwa! "Will" pale ni kutaka, "by and by" ni sasa hivi, "charger" ni sahani kubwa.

Hiyo charger nikaifuatilia mizizi. Imetoka Kifaransa cha zamani, kwenye kitenzi cha kupakia mzigo, yaani charger ni chombo unachokipakia nyama na vyakula vya karamu. Kuchaji umeme nako kumetoka huko huko kwenye kupakia, kwa hiyo chaja yako ya simu na ile sahani ya Herode ni ukoo mmoja. Alafu angalia na upande wetu, kombe nalo limetembea. Kijana wa leo ukimwambia kombe anawaza Kombe la Dunia, wakati watu wa pwani bado wanalijua kombe kama sahani kubwa, na kuna kombe la dawa, aya zinaandikwa kwenye sahani, zinaoshwa kwa maji, mgonjwa anakunywa. Kwa hiyo kuna watoto wa Sunday school wanaosoma mstari huu kwa Kiswahili na kuona kichwa cha Yohana kwenye kikombe cha ubingwa. Nimeanzisha safu ya tano kwenye daftari kwa ajili ya Kiswahili kilichozeeka.

Na "by and by" haiko peke yake. "Presently" kwenye Mathayo 26:53, pale Yesu anaposema Baba angemletea majeshi zaidi ya kumi na mawili ya malaika, Kiswahili ni sasa hivi, ila leo Muingereza akikwambia "presently" ujue utasubiri kidogo. "Soon" nalo zamani kabisa lilikuwa na maana ya papo hapo, na "anon" vilevile. Yote yameteleza kuelekea baadae, na mwenye bodaboda anayekwambia "nafika sasa hivi" huku ndo kwanza anavaa viatu anakuonyesha njia yenyewe yalipopita. Watu wakiahidi papo hapo wakachelewa, kizazi baada ya kizazi, neno linalegea.

Lingine ambalo nimeliwekea nyota ni "let". Leo ni kuruhusu, sio? Kwenye 2 Wathesalonike 2:7 kuna "he who now letteth will let", na Kiswahili kinamtaja azuiaye. Kuzuia! Kinyume kabisa. Ni kwamba Kiingereza cha zamani kilikuwa na vitenzi viwili vinavyofanana, kimoja kuruhusu kingine kuzuia, matamshi yakaja kuwa sawa, na mwishowe cha kuzuia kikazidiwa. Ila hakijafa chote. Pasipoti ya Uingereza mpaka leo inaomba mwenye nayo apite "without let or hindrance", Kenya nao wamerithi maneno hayo hayo kwenye yao, yaani bila kizuizi wala kipingamizi. Watu wanatembea na neno hilo mfukoni, wanavuka nalo mipaka.

Haya mengine napita haraka maana Kiswahili kinajieleza. "Conversation" kwenye 1 Petro 3:1 sio maongezi, ni mwenendo. "Meat" kwenye Mwanzo 1:29 ni chakula, tena hapo Mungu anawapa majani na matunda, ukitafsiri nyama umeharibu kila kitu. "Prevent" kwenye Zaburi 119:147 ni kutangulia, mtu anatangulia mapambazuko kwa maombi, hazuii jua lisichomoze. "Quick" kwenye 2 Timotheo 4:1 ni walio hai, na ndo maana zebaki iliitwa "quicksilver", fedha iliyo hai, maana ukiimwaga inakimbia mezani kama mdudu. "Apple of the eye" ni mboni ya jicho, hakuna tunda pale.

"Corn" nilipata msaada. Kuna mzee pale kanisani, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, nikamwendea baada ya ibada, "Shikamoo Mwalimu, hivi wanafunzi kwenye Marko 2:23 walichuma mahindi?" Akasema marahaba mwanangu, mahindi yametoka Amerika, Kolumbasi mwenyewe kafika huko 1492, Galilaya wangeyapata wapi? Akanieleza kwamba "corn" kwa Waingereza ilikuwa nafaka yoyote, mara nyingi ile inayolimwa sana sehemu hiyo, na Wamarekani ndo wakaibana kwenye mahindi tu. Kiswahili kimesema masuke, na masuke ya ngano unayasugua kwenye kiganja, makapi yanatoka, unakula punje zenyewe bila moto. Mahindi mabichi hayaliwi hivyo.

Sehemu iliyonifurahisha kuliko zote ni "thou" na "you". Watu wengi, hata waliosoma, wanaamini "thou" ni ya heshima, ya kumwitia Mungu. Hapana. Ilikuwa ya mtu mmoja, tena kwenye maongezi ya kawaida ulimwambia mtoto, rafiki, mtumishi, mkubwa ulimwita "you". King James wao wameitumia kwa mtu mmoja yeyote yule, ndo maana hata shetani anaambiwa "get thee behind me", yaani nenda nyuma yangu. Sasa ona Luka 22:31 na 32, Yesu anasema na Simoni Petro. "Satan hath desired to have you" halafu "but I have prayed for thee". Kiingereza cha leo vyote vinakuwa "you" na msomaji haoni kitu. Kiswahili: Shetani amewataka ninyi apate kuwapepeta ninyi kama vile ngano, lakini nimekuombea wewe. Shetani anawataka wote, maombi ni ya Simoni, na baadae Simoni ndo anaagizwa awaimarishe wenzake. Nilisoma mistari hiyo miaka yote bila kuiona hivyo, mpaka nilipoweka vitabu viwili pamoja. Na "imani yako isitindike" imeenda moja kwa moja safu ya tano, maana kutindika vijana hawalijui tena, na ni neno zuri mno kwa kitu kinachoisha.

Hapo hapo niseme kuhusu wanaoandika Kiingereza cha zamani cha kubuni, kadi za harusi na mabango. "Thou goeth" sio sahihi. "Thou" inakwenda na -est, "thou goest", na -eth ni ya yeye, "he goeth". Ni kama kuandika "wewe anakwenda". Na "wherefore" ni kwa nini, sio wapi, kwa hiyo Juliet wa Shakespeare pale kwenye roshani hamtafuti Romeo alipo, anauliza kwa nini awe Romeo, mtoto wa ukoo adui.

Kinachofuata ni Ayubu, ambako kuna "the skin of my teeth", ngozi ya meno yangu, kwenye 19:20, alafu Mithali. Pia natafuta Biblia ya Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, ya 1914 na ya Unguja ya 1891, zile zilizokuwepo kabla ya Union Version, nataka kuona kwenye Marko 6:25 kila moja imeandika chombo gani. Mwenye nayo nyumbani, ya babu au ya bibi, hata kama kurasa zimeliwa na mende, naomba anipigie picha ukurasa huo mmoja tu.