Jumamosi Niliyomshangilia Mtoto wa Watu

Kwa muda wa saa mbili na nusu, nikiwa nimekaa juu ya ubao wa baridi katika mji wa Northfield, jimbo la Minnesota, nilimshangilia kijana nisiyemjua kabisa. Nilimwita kwa jina la mpwa wangu, nikampa maelekezo ya Kiswahili ambayo hayakumfaa kitu, na kila alipoangushwa nikamwombea dua asivunjike shingo. Mpwa wangu mwenyewe, ambaye kwa ajili yake nilikuwa nimesafiri kutoka Tanga, alikuwa akicheza wakati huohuo upande wa pili wa mji, umbali usiofika kilomita 3, na mama yake alikuwa akipiga simu ambayo mimi nilikuwa nimeizima ili nisimalize chaji.

Mdogo wangu ni muuguzi na anaishi Brooklyn Park, kitongoji cha Minneapolis ambako ukiingia dukani siku ya Jumapili huchelewi kusikia Kiswahili cha Wakenya. Mwanawe yuko mwaka wa nne katika chuo kidogo cha jimbo hilohilo, na anacheza mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mabega ya plastiki, ambao kwa miaka mitatu nilikuwa nikiutazama katika video za simu bila kuelewa nani amefunga. Mwaka huu ndio ulikuwa wake wa mwisho, nami nikaahidi kuja. Juma hilo mdogo wangu alikuwa na zamu ya usiku na angetokea huko kazini moja kwa moja, kwa hiyo maelekezo aliyonipa kwa simu yalikuwa mafupi: "Ni Northfield, Kaka, saa saba mchana. Wageni huvaa nyeupe. Mtazame namba 64."

Gari la kukodi lilinitoza dola 78. Nilipiga hesabu mara tatu nikiwa njiani na kila mara nikapata jibu lilelile: karibu shilingi laki mbili, fedha ambazo kwetu zingenipeleka Dar es Salaam na kunirudisha mara nne, tena na chakula cha njiani. Pengine hesabu hizo ndizo zilizonizuia kufikiri vizuri tulipoingia mjini, kwa maana mji wenyewe ulinionya. Kaulimbiu ya Northfield, wanayojivunia sana, ni maneno matatu: ng'ombe, vyuo na kuridhika. Vyuo, si chuo. Mji ule wenye watu kama 20,000 una vyuo viwili, Carleton karibu na mto Cannon na St. Olaf juu ya kilima, na vyote viwili vilikuwa na mechi nyumbani siku ile. Mimi nilikuwa nimeandika katika simu ya dereva "chuo, Northfield", naye, bila kosa lolote, akanishusha penye cha kwanza.

Nilivyoona, kila kitu kilikuwa sawa. Uwanja ulikuwepo, watu walikuwepo, na timu moja ilivaa nyeupe. Kipaza sauti kilikoroma majina nisiyoyashika, na ubao wa matokeo ulitaja wenyeji na wageni tu. Nikatafuta namba 64 na nikampata, mrefu, mpana, akitembea kwa kuvuta mguu wa kulia kidogo, na nikajiambia kwamba babu yake alitembea hivyohivyo. Uso haukuonekana, kwa sababu kofia yenyewe ina vyuma mbele kama dirisha la duka la dhahabu.

Hewa ilinuka nafaka iliyochomwa, kwa kuwa mji huo una kiwanda cha vyakula vya kifungua kinywa, na harufu hiyo ilinipa njaa mapema. Wao huita majira yale vuli. Vuli yetu ni mvua inayokukuta shambani na kukuacha ukicheka. Vuli yao ni upepo unaoingia kwenye mkono wa koti na kutafuta njia hadi kifuani. Nikasema kwa sauti, nikijua hakuna anayenielewa, "Hii baridi au adhabu?" Sauti ikanijibu kutoka nyuma: "Kamwene!"

Niligeuka nikamwona mzee wa Kizungu mwenye kofia ya sufu, akitabasamu kwa furaha ya mtu aliyetegua kitendawili. Kamwene ni salamu ya Wahehe, na mimi ni mtu wa pwani, lakini nilimjibu vivyo hivyo nikamshika mkono kwa mikono miwili. Kumbe makanisa ya Kilutheri ya eneo la Saint Paul yana udugu wa miaka mingi na Dayosisi ya Iringa, unaoitwa Bega kwa Bega, na mzee huyo alikuwa amekwenda Iringa mara nne. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole na cha heshima, kila nomino na upatanisho wake. Alisoma Carleton ujanani, lakini siku ile alikaa upande wa wageni kwa sababu ya mjukuu wake. Hakuniuliza ninamtazama nani. Aliona ninavyopiga kelele kila namba 64 aliposogea, akatosheka.

Yeye ndiye aliyenifundisha mchezo. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifaulu hupewa manne mengine, ikishindwa mpira huenda kwa wapinzani. Kuufikisha mpira mwisho wa uwanja ni pointi 6. Saa ya mchezo ni dakika 60 tu, lakini husimama mara kwa mara, ndiyo maana mechi hula alasiri nzima na mtu wa Tanga huganda akiwa hai. Nilipolalamika kwamba sijui yadi ni kitu gani, mzee alicheka hadi akafuta machozi. Mwaka 1977, akasema, Carleton na St. Olaf walicheza hapa Northfield mechi iliyopimwa kwa mita, wazo la mwalimu wa kemia aliyetaka Wamarekani wauzoee mfumo huo. Uwanja uliongezwa ukawa mita 100, uzito wa wachezaji ukatangazwa kwa kilo, na St. Olaf wakashinda 43 kwa 0. Haikurudiwa tena. "Wewe ulichelewa kuja," akaniambia, "mechi yako ilishachezwa."

Nilimwuliza kwa nini namba 64 hapewi mpira. Hapo alikuwa mpole, kama anayempa mtu habari ya msiba. Namba 64 ni mmoja wa watano wa safu ya mbele, ambao kazi yao ni kusukumana na kuzuia wanaotaka kumwangusha mwenye mpira, na kanuni haziwaruhusu hata kupokea pasi ya kawaida ya mbele. Anaweza kumaliza miaka minne bila kuugusa. Nilinyamaza robo nzima ya mchezo. Marehemu baba yetu alikuwa mchukuzi katika bandari ya Tanga, na sisi watoto tulipomwuliza ndani ya magunia mlikuwa na nini, alijibu kwamba yeye anajua uzito tu. Tangu hapo sikumtazama tena mwenye mpira. Nilimtazama kijana wangu akiinama, mkono mmoja chini, mvuke ukimtoka kwenye vile vyuma vya kofia, kisha akigongana na mtu wa ukubwa wake, akianguka, akiinuka na kurudi kuinama palepale.

Wakati wa mapumziko, mama mmoja aliyekaa safu ya chini alipanda akanifunika blanketi la kijani bila kuniuliza, akasema nilikuwa nikitetemeka hadi ubao wake unatikisika. Alinisikia nikiita namba 64 tangu mwanzo, akanitazama kwa namna ambayo niliitafsiri kuwa ni ukarimu wa kijijini. Kumbe alikuwa akijiuliza mimi ni nani kwa mwanawe.

Mechi ilipokwisha, wazazi wa wageni walipanga meza za kukunja kando ya magari, zikiwa na sufuria za maharage yaliyopikwa na nyama ya kusaga na pilipili isiyowasha. Nilimwendea namba 64 mikono wazi, nikimwita kwa jina lake la nyumbani. Akavua kofia. Nywele zilikuwa nyekundu kama kutu, na uso wote una madoadoa. Tukasimama tunatazamana. Kijana, Mungu ambariki, hakurudi nyuma. Alinikumbatia, akiwa ameloa jasho na matope, kisha ndipo akamwuliza mama yake mimi ni nani.

Mzee wa Iringa alilazimika kukaa kwenye kiti. Nilipoiwasha simu nilikuta miito 11. "Kaka, uko wapi?" mdogo wangu aliuliza, na nilipomweleza alinyamaza muda mrefu, kisha nikasikia anawasimulia watu kicheko kikimkaba. Alikuja kunichukua, na tulikuwa nusu ya njia kurudi nyumbani nilipogundua kwamba blanketi la kijani bado liko mabegani mwangu.

Wiki zilizofuata sitazisimulia; nilikula ugali kwa mdogo wangu na kulalamika. Oktoba tulikwenda Collegeville, ambako chuo cha Saint John's kiko msituni pamoja na abasia, nyumba ya watawa Wabenedikto, na ambako kocha John Gagliardi alifundisha kuanzia 1953 hadi 2012. Hakuna kocha wa mpira huu vyuoni aliyeshinda mechi nyingi kuliko yeye, 489, na hakutumia kipenga wala hakuruhusu wachezaji kuangushana mazoezini, nao walimwita John tu. Huko pia nilisikia habari iliyonishangaza kuliko zote: mwaka 2019 ligi ya vyuo hivi iliamua kumwondoa mwanachama wake, chuo cha St. Thomas, kwa sababu alikuwa ameizidi mno. Mwaka 2017 alimfunga St. Olaf 97 kwa 0. Kwetu Coastal Union, timu ya soka ya Tanga, walipochukua ubingwa wa mwaka 1988 hakuna aliyefikiria kuwafukuza. Tuliwangojea washuke wenyewe, na walishuka.

Lililoniuma ni jingine. Katika daraja hili la tatu la michezo ya vyuo, vyuo haviruhusiwi kumlipia mtu masomo kwa sababu ya mchezo. Nilidhani mabega yale ndiyo yanayolipa ada. Hapana; ada inalipwa na zamu za usiku za mdogo wangu, pamoja na misaada na mikopo, na bado katika uwanja mmoja ambao sitautaja tuliuziwa tiketi dola 12 na kikombe cha kakao dola 5, kakao iliyokuwa maji ya moto yenye kumbukumbu ya kakao. Nilimwuliza mpwa wangu anapata nini. Alifikiri, akasema, "Mjomba, napata Jumamosi." Mwenzenu nimezoea ndondo, mashindano ya soka ya mtaani, ambako angalau mshindi huondoka na ng'ombe.

Ligi ya kanda ni kama kijiji. Huwezi kumkwepa mtu msimu mzima. Novemba, mechi ya mwisho, timu ya mpwa wangu ilikutana na ile ya kijana mwenye nywele nyekundu. Namba 64 kwa namba 64, lakini hawakukabiliana hata mara moja, kwa kuwa kila mmoja huingia timu yake inapokuwa na mpira na hutoka mwenzake anapoingia. Hivyo sikupata nafasi ya kupumua: akitoka wangu, anaingia yule. Theluji nyepesi ilikuwa imeanza. Katika mapumziko nilizunguka nyuma ya goli nikiwa na blanketi, limefuliwa na kukunjwa, nimrudishie mwenyewe. Mama yule alinitazama midomo, akalikunjua, akanifunika tena, akanionyesha nafasi kando yake. Nikasema nitakaa dakika mbili.

Jioni mpwa wangu alitoka chumba cha kubadilishia nguo na begi begani, akinyata kwa maumivu ya goti. Alinikumbatia, kisha akalitazama blanketi la kijani.

"Mjomba," akasema, "leo nako ulikaa upande gani?"